Mwonja Chumvi wa Mstari wa Mbele

Jina la chuo sitalitaja. Wao langu hawakulitaja, kwa hiyo tuko sare. Ni chuo kimoja kati ya Dallas na Fort Worth, na ukiwasha televisheni Jumamosi ya msimu wa mpira utaona uwanja mzima umesimama, watu wazima na akili zao, wanapunga miko ya sponji hewani. Mwiko wenyewe, ule wa mti ambao ya sponji imeigwa kwake, ni wangu. Nawaandikia ninyi vijana mnaoingia majikoni sasa, ya hospitali, ya hoteli za Irving, ya uwanja wa ndege, mjue ulikotoka. Maana nikishazikwa mtaambiwa ulitoka kwa bibi yake Kocha.

Shule nimesoma mpaka darasa la tatu. Kalamu naikamata kama kisu, mtanivumilia. Vyeo na mishahara sitavitaja, havina ladha. Na nilichokitaka nakisema mapema msije mkahangaika kukitafuta: nilitaka mtu mmoja wa pale chuoni asimame mbele ya watu aseme mwiko ule ulitoka wapi. Mmoja tu.

Kupika nilifundishwa na Bwana Kombo, mpishi wa harusi wa Mombasa, Mji wa Kale. Hakuwa mtu mzuri. Alikuwa anakupiga na upawa kwenye vidole ukikata kitunguu kikubwa. Lakini pilau yake watu walikuwa wanaisimulia kuliko bibi harusi. Ramadhani tulikuwa tunapikia msikiti futari, na Bwana Kombo alikuwa haonji. Najua wapo mashekhe wanaosema mpishi kugusa kwa ncha ya ulimi akatema si vibaya. Yeye alikataa, na mimi nikakataa nyuma yake. Akitaka kujua chumvi alikuwa anamwita mlinzi wa duka la jirani, Mkamba mmoja Mkristo, anamtilia mchuzi kiganjani. Na kila mara alimwambia neno lile lile: "Ukionja, usinipe adabu." Mlinzi akisema, "Maji matupu haya, mzee," Bwana Kombo anafurahi, anaongeza. Akisema tu "kizuri," anamfukuza.

Mkono wake ulipochoka alinipa mwiko wake. Mrefu kama kafi, mti mgumu, umeingia weusi wa moshi mpaka ndani. Nilipokuja Marekani kumfuata shemeji yangu Swaleh, dereva wa teksi Houston, niliubeba begani uwanja wa ndege, na askari wa forodha wakauliza kama ni silaha. Nikawaambia inategemea umemuudhi nani.

Kazi ya kwanza ilikuwa Irving, jiko la chakula cha ndege. Pale unapika kuku elfu na humwoni hata mtu mmoja akimtafuna. Chakula kinafungwa kwenye visanduku, kinapanda juu, kinakwenda zake. Nikaona hapa nitakufa kwa upweke na mikono imejaa mafuta. Nikasikia chuo kinatafuta mpishi wa ukumbi wa wachezaji, nikaenda.

Siku ya kwanza nilipewa kofia, kisu butu, na onyo kwamba timu ile haina haja ya chakula kizuri kwa kuwa haishindi. Ilikuwa miaka ya tisini katikati. Mpira wenyewe mnaujua, huu wa kubeba mkononi na kugongana vichwa. Watoto wa shule za sekondari, wanaocheza Ijumaa, walikuwa wanajaza viwanja kuliko sisi wa Jumamosi. Timu kubwa zilitualika ili zipate mtu wa kumpiga. Wachezaji wakirudi wanakula kila mtu na sahani yake, masikio yamezibwa na muziki, wanaondoka bila kuagana. Nimepika kwenye matanga yaliyochangamka kuliko ukumbi ule.

Mwisho wa miaka ile akaja Kocha mpya. Nitampa haki yake: mpira aliujua. Hakuwa na uwezo wa kuwapata wachezaji wanaogombewa, akaenda akaokota mabonge waliokataliwa kwingine, huyu mzito, huyu goti bovu, huyu alama za darasani hazitoshi. Mabonge hao ndio mstari wa mbele, wanaosimama mabega kwa mabega ili mrushaji mpira asivunjwe mbavu. Hakuna anayeimba majina yao. Nikawapenda kwa sababu hiyo, na kwa sababu walikuwa wanakula.

Sasa Ramadhani, mnajua, hurudi nyuma kila mwaka. Miaka yangu ya mwanzo ilianguka mpira umekwisha. Kisha ikasogea, ikasogea, ikaukuta msimu. Mwaka ilipoingia Novemba, minara ya New York ilikuwa imeanguka miezi michache tu nyuma. Mke wangu Rukia alikuwa anatazamwa dukani na buibui lake kama amebeba bomu. Na mimi niko jikoni nakoroga, nageuza uso mvuke usinikae mdomoni, sionji.

Mchezaji mmoja akaona. Akamwambia mwenziwe. Haikupita wiki, mchana mmoja nikainua kichwa nikakuta meza zote zinanitazama, sahani zimejaa, hakuna aliyegusa.

Akanyanyuka mmoja wa mabonge, Terrell. Mtoto wa mashariki ya Texas, amelelewa na shangazi yake, mkubwa kiasi kwamba akisimama mlangoni giza linaingia. Walikuwa wananiita Mzee, kwa kumsikia dada mmoja wa Kikenya aliyesomea uuguzi pale akiniamkia, wakadhani ndilo jina langu. Sikuwasahihisha.

"Mzee," akasema, "vijana wanasema wewe huli unachotupikia."

"Kweli. Sili."

"Umetia nini humo?"

"Nyama, viazi, nyanya, bizari. Nimefunga. Mpaka jua lizame hakuingii kitu humu."

"Hata maji?"

"Hata maji."

Akafikiri. Terrell alikuwa akifikiri unaona, kama mtu anayesukuma gari. "Sasa unajuaje kama kitamu?"

"Sijui. Napika kwa pua na macho. Chumvi nabahatisha."

"Huna mtu wa kukuonjea?"

"Nilipotoka alikuwepo. Hapa sina."

Akanyoosha mkono. Nikachota mchuzi na mwiko, nikamtilia kiganjani, nikamwambia kwa Kiingereza changu cha kuunga: "Ukionja, usinipe adabu." Akaramba. Akafunga macho.

"Mzee," akasema kwa sauti ya kufika nyuma, "hiki ni chakula cha hospitali. Hamna chumvi kabisa."

Wakaangua kicheko mpaka madirisha yakatikisika. Nikatia chumvi, akaonja tena, akatikisa kichwa, nikatia, akasema "hapo." Kisha akaenda kukaa na sahani yake akala, na wengine wote wakala. Naapa sijapata kuheshimiwa Marekani kama siku ile.

Tangu hapo ikawa kazi. Kila mchana wa Ramadhani Terrell anakuja na miguu yake mikubwa, "Mzee, nipe kazi yangu," anaonja. Ramadhani ikaisha, akaendelea. Wenziwe wa mstari wa mbele wakawa wanamfuata, wanabishana mbele ya sufuria kama wazee wa baraza, imekolea, haijakolea. Vile visikio vya muziki vikapotea. Nikaacha kuwapakulia sahani moja moja, nikawatilia kwenye sinia, watano kwa sinia moja, kila mtu ale mbele yake asivuke. Kocha alipita akawatazama, akaenda zake. Watu wanaokula sinia moja huwezi kuwatenganisha kwa kuwasukuma, hilo hata yeye aliliona uwanjani.

Na adabu hawakunipa. Kuna siku wafadhili wa chuo walialikwa ukumbini, matai na vikuku vya dhahabu, Kocha anawaambia hiki ni chakula cha asili ya mbali. Terrell akaramba kiganja akatamka mbele yao: "Leo umeharibu, Mzee. Umeunguza vitunguu." Kweli niliunguza. Kocha akawa mwekundu. Mimi nikamwaga, nikaanza upya, wafadhili wakangoja na njaa yao. Mkipata mtu wa namna hiyo jikoni, vijana, mshikeni. Wanaosifu mtawapata bure.

Mwaka uliofuata ndio wa Houston. Tulikuwa tumeanza kushinda hivi vidogo vidogo, magazeti yanatuandika ukurasa wa ndani. Tukapangiwa timu yenye jina, kwenye uwanja wao mkubwa, na ilikuwa Ramadhani tena. Tukafika kwa basi, tukakuta jiko la hoteli limeshika moto jana yake. Wana mikate mikavu tu. Kocha akanijia uso umesawijika.

"Chef, unaweza kufanya chochote?"

Nikampigia Swaleh. Shemeji alikuwa amejenga maisha yake Sugar Land, nje kidogo ya Houston, nyumba yenye uwanja nyuma, na sufuria za harusi ziko garaji. Kesho yake asubuhi tukawasha majiko ya gesi kwenye nyasi. Majirani walidhani tunaoza binti. Lakini pilau chumvi yake huamuliwa kwenye supu. Mchele ukishaingia hakuna kurudi. Nikamwambia Swaleh, nenda hotelini kaniletee kijana mmoja, utamjua.

Teksi ilirudi imeinamia upande mmoja. Terrell akashuka. Mke wa Swaleh, Mwanaisha, alikuwa anachambua mchele na wenzake, akaweka ungo chini.

"Shemeji, huyu ni mtu au kabati?"

"Kabati," nikamwambia, "tena lina njaa."

"Basi asikalie kiti changu cha plastiki. Mtandikie jamvi."

"Wanasema nini, Mzee?" Terrell akauliza.

"Wanasema karibu."

"Hawakusema karibu," akasema, na akakaa chini kwenye nyasi mwenyewe. Wanawake wakacheka, Mwanaisha akamletea kitambaa cha kufutia jasho.

Akaonja supu. "Bado."

Nikatia. "Bado."

"Wewe, kuna watu wana presha mjini hapa."

"Uliniambia nisikupe adabu. Bado."

Nikatia tena, akaramba. "Hapo. Hapo hapo, Mzee. Usiguse tena."

Mchele ukaingia. Tukapeleka masinia kwenye chumba cha mikutano cha hoteli, yamefunikwa mashuka ya Mwanaisha, wakakaa chini kwa zulia na wakala mpaka wakawa wanalamba vidole. Jioni ile wakaenda wakampiga mwenye jina, nyumbani kwake, mbele ya watu wake. Mrushaji wetu hakuguswa na mtu. Mimi niliona dakika za mwisho kwenye televisheni ya Swaleh, na wanawake wanaopiga vigelegele hawajui hata mpira uko kwa nani.

Baada ya hapo ndio mambo yakawa mambo. Televisheni za nchi nzima zikaja. Mwandishi mmoja akamwuliza Terrell mlikula nini, akasema wali wa Mzee, na mimi ndiye naonja chumvi. Maneno yakaruka. Wachezaji wakataka mwiko uingie nao uwanjani, wausimike kando ya mstari. Niliutoa kwa mkono wangu. Nani angekataa? Mstari wa mbele wakawa wanaachiana uonjaji, anayemaliza chuo anamkabidhi anayebaki, na anayekabidhiwa analia kama mtoto. Tukaendelea kushinda. Watu wakaanza kuuza miko ya sponji.

Nikasikia Kocha kwenye televisheni anasimulia bibi yake wa shambani, aliyekuwa analisha maskini na mwiko mrefu wa mti. Nikamfuata ofisini na aproni yangu.

"Kocha, bibi gani huyo?"

Akafunga mlango. "Chef, hadithi ya televisheni lazima iwe fupi."

"Fupi ni hii: nilikuwa nimefunga, kijana akanionjea."

"Unawajua watu wetu. Wakisikia kufunga, wakisikia Ramadhani, kwa nyakati hizi... wataanza kuuliza maswali."

"Waulize. Mimi nipo."

"Na bibi yangu alikuwa na mwiko kweli," akasema, na wallahi alinitazama machoni. "Kila bibi ana mwiko."

Nilirudi jikoni. Mnaniuliza kwa nini sikuacha kazi? Kwa sababu Terrell alikuwepo. Nikasema moyoni, wa kusema ukweli yupo, siku yake itafika.

Ushindi ukaleta jengo jipya, lina jina la tajiri juu ya mlango. Akaja binti mwenye shahada ya lishe, mpole, ananiamkia kila asubuhi, sina ubaya naye. Chakula kikapimwa kwenye mizani. Kisha kampuni ikapewa jiko lote, masinia yakatupwa, na mimi nikapangwa meza ya saladi. Tulipewa mashati ya kazi yenye picha ya mwiko kifuani. Mwiko wangu, kifuani kwangu, na mimi nagawa majani. Kuonja chumvi kulibaki, lakini sasa kulifanyika uwanjani mbele ya kamera, mchezaji anaramba mwiko mkavu usio na kitu na watu wanapiga kelele.

Mwaka jana wakaufungia kioo. Pale ukumbi wa kuingilia, na taa yake ndogo, na kibao cha shaba kilichoandikwa ni wa bibi yake Kocha. Siku ya kufunua wakamweka Terrell azungumze. Alikuwa amerudi, kocha msaidizi wa mstari wa mbele, amevaa suti iliyoshonwa kwa kipimo chake. Nilikuwa nimekaa na wafanyakazi wenzangu. Alipopanda jukwaani nikakaa wima na nikatengeneza kola.

Akaongea vizuri. Akawashukuru wafadhili. Kisha akasema, "Kocha alipotusimulia habari za bibi yake, tukaelewa maana ya kuwa familia."

Watu wakapiga makofi. Baadaye alinikumbatia kwenye korido, ananukia manukato ya bei.

"Unajua ilivyo, Mzee. Nina watoto wawili."

"Najua ilivyo," nikamwambia.

Nilipostaafu mwezi wa sita walinikatia keki na kunipa mwiko wa sponji wametia sahihi wote. Nikaomba wangu wa mti. Mama wa ofisini akasikitika kweli kweli, akasema ule ni urithi wa programu, ndivyo wanavyoiita timu.

Mwaka huu Ramadhani imeingia Agosti, na mchana wa Texas wa Agosti hauna mwisho. Juma lililopita niko nyumbani Irving, supu ya pilau iko motoni, mlango ukagongwa. Terrell. Amebeba sanduku la tende, amevua viatu mlangoni kama nilivyomfundisha. Rukia alikuwa amelala chumbani, joto limemlaza.

"Mzee," akasema, "nipe kazi yangu."

Nikachota na mwiko wa kununua dukani, nikamtilia kiganjani. Kikaenda mdomoni kiganja kile kikubwa. Akafunga macho kama zamani. Nikangoja na kopo la chumvi mkononi.

"Safi kabisa, Mzee," akasema. "Kama ile ya Houston. Usiguse kitu."

Nikamwaga mchele, nikafunika. Akakaa kidogo, akaniambia habari za watoto, akatazama saa, ana mazoezi, akaenda. Gari lake lilikuwa na picha ya mwiko nyuma.

Jua likazama. Tukafungua kwa tende zake na maji, tukaswali, nikapakua sinia. Rukia akatia tonge mdomoni, akatafuna polepole, akanitazama.

"Mume wangu, leo hukutia chumvi."

"Nimetia."

"Onja."

Nikaonja. Ilikuwa kweli. Si kwamba imepungua. Haikuwemo hata chembe. Uzee umenisahaulisha, na kopo lilikuwa mkononi mwangu muda wote ule.

"Nani alikuonjea?" Rukia akauliza.

Nikavuta kopo, nikaanza kunyunyizia juu ya wali ulioiva, ambapo haisaidii kitu.

"Hakuna mtu," nikamwambia. "Kula."